Nyasi za Habiba

"Mwizi ni mwizi tu, hata akishika tasbihi."

Maneno hayo yalisemwa Jumamosi mchana peupe, mbele ya wanawake waliokalia viti vya plastiki, na aliyeyasema hakupunguza sauti hata chembe. Alikuwa Mama Lorraine, mwenyekiti wa kikundi cha Tujikaze. Aliyeambiwa alikuwa Habiba, aliyekaa mwisho wa mstari, mikono mapajani, macho chini.

Ruwayda, bintiye Habiba, ndiyo kwanza alikuwa anaingia langoni. Alitoka kazini mjini, kwenye duka la pembejeo anakouza mbegu na dawa za mimea, na mkononi alishika mkate wa mamake. Aliyasikia yote, kichwa hadi mkia. Damu ikampanda.

"Nani mwizi?" aliuliza.

"Kwanza salamu, msichana. Kwani huko chuo hawakuwafundisha kusalimia?"

"Nitasalimia nikishajua nasalimia watu wa aina gani. Nani mwizi?"

Kavetsa, mama mnene aliyeuza chipsi kando ya barabara, alicheka kwa pua kisha akajiziba mdomo. Wengine walitazama viatu vyao. Mama Lorraine hakutazama kiatu. Alinyoosha kidole kwenye kitalu kilichokuwa nyuma yao, akasema, "Macho unayo. Angalia mwenyewe."

Ruwayda akaangalia.

Kitalu cha Tujikaze kilikuwa hapo hapo mtaani Langas, kimepakana na ukuta wa nyumba ya Habiba. Wanawake kumi na wanne walikuwa na safu za miche ya parachichi, kila mmoja zake, ndani ya viriba, ile mifuko myeusi ya kuotesha miche. Mvua za Aprili zikianza, wakulima wa Sugoi wangekuja kuichukua. Lakini nani angechukua miche ya namna ile? Majani ya juu, yale machanga, yalikuwa yamepauka yakawa rangi ya ndimu mbivu, na mishipa peke yake ndiyo iliyobaki kijani, imejichora juu ya manjano kama mito kwenye ramani. Safu baada ya safu zilikuwa hivyo. Isipokuwa pale mwisho, karibu na ukuta. Pale palikuwa kijani kitupu, kijani cha kung'aa, na nyasi zimechomoza kati ya miche kama ndevu ambazo hazijanyolewa. Zile zilikuwa safu za Habiba.

"Miche yote ni migonjwa, ya mmoja ni mizima," Mama Lorraine alisema. "Na mbolea ya kikundi iko kwa stoo. Na ufunguo wa stoo uko na nani? Hiyo kijani haitoki bure, mama. Leo tunapiga kura. Akitoka, miche yake tunagawana."

"Mmepima gunia mkakuta limepungua?"

"Gunia tutapima vipi na hatukulipima likija?"

Yaani hivyo tu! Habiba alipewa ufunguo kwa sababu moja, kwamba yeye ndiye jirani wa kitalu. Mwaka mzima alikuwa akiamka kufukuza kuku na kufunga bomba lililosahauliwa wazi na wenzake. Hakuna aliyemwambia asante. Leo ule ufunguo ndio uliogeuzwa kamba ya kumnyongea.

"Hooyo," Ruwayda alimwita mamake kwa lugha ya nyumbani, Kisomali, "sema kitu."

"Nimesema sijaiba," Habiba alijibu polepole. "Mara mbili nimesema. Ya tatu itaongeza nini?"

"Watu wenu ni wa biashara," mwanamke mmoja alidakia kutoka katikati. "Mnajua kujipanga."

"Watu wetu wa wapi?" Ruwayda alimgeukia. "Nimezaliwa hapa Langas. Kitovu changu kimezikwa hapo nyuma ya choo cha Mama Kavetsa!"

"Woi, usiniletee kitovu kwa choo changu," Kavetsa alisema, na watu wakacheka, hata yule aliyedakia. Mama Lorraine hakucheka. Alimpisha mshauri wa kikundi, Kipkirui, mwanamume wa makamo aliyevaa kofia ya ukingo mpana, ambaye wote walimwita Mwalimu tangu alipowapa semina ya siku mbili.

"Kisayansi," Mwalimu Kipkirui alianza, akikohoa kidogo, "manjano hii inaonyesha udongo bado una uchachu. Dawa ni kuongeza chokaa. Sasa huyu mama mwingine, ya kwake kuwa kijani, hapo sayansi haina la kusema. Hilo ni la kikundi."

Ruwayda aliuweka mkate juu ya kiti. Kuongeza chokaa! Aliinama, akashika udongo wa kiriba kimoja cha Mama Lorraine, akausugua kwa vidole. Vidole vikawa vyeupe kama vya mtu anayekanda chapati.

Ili kuelewa weupe ule, lazima mtu aijue sheria ya Tujikaze. Katika semina yake Mwalimu Kipkirui aliwaambia jambo la kweli: mashamba mengi ya Uasin Gishu yamechacha kwa mbolea ya kupandia ya miaka na miaka, na dawa ya uchachu ni chokaa ya shamba. Kiasi gani, hakusema. Au alisema, wakasahau. Kikundi kikapitisha kwamba kila mwenye zamu ya kumwagilia, akimaliza, anyunyize chokaa kwenye viriba vyote. Weupe ukawa ndio alama ya kwamba zamu imefanywa. Asubuhi Mama Lorraine alipokuja kukagua hakutia kidole kuona kama udongo una maji. Aliangalia kama ni mweupe. Akikuta wekundu, mwenye zamu alikuwa mvivu, na jina lake lilisomwa kikaoni. Nani anapenda jina lake lisomwe? Basi kila mmoja akawa anamzidi aliyemtangulia, konzi moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu, hadi kitalu kikawa kama kimemwagikiwa gunia la unga wa ugali.

Chokaa ilikuwa ya zamu, lakini palizi ilikuwa ya kila mtu na safu zake. Na hapo ndipo Habiba alipotofautiana na wenzake. Hakung'oa nyasi. Alizikata juu juu kwa kisu, akawapelekea mbuzi wake watatu, zikachipua, akakata tena. "Mama Ruwayda amepanda malisho," walimtania, "parachichi ndiyo magugu." Mara mbili jina lake lilisomwa kwa uchafu wa safu. Hakujali. Mbuzi walishiba.

"Mwalimu," Ruwayda alisema, akisimama, "huu udongo uliupima?"

"Ukiwa na uzoefu kama wangu, msichana wangu, jicho linapima."

"Jicho linapima! Basi jicho lilione hili pia. Manjano iko juu, kwa majani machanga. Ya chini yaliyokomaa bado yana kijani. Mmea wenye njaa ya mbolea hunyauka kuanzia chini, unawanyang'anya wazee ulishe watoto. Hapa wanaolia ni watoto. Hii njaa ni ya chuma."

"Chuma?" Mama Lorraine aliinua mikono. "Sasa tunyweshe miti misumari?"

"Mama Kavetsa, niazime siki yako ya chipsi."

Kavetsa alikuwa na kibanda chake hatua chache kutoka pale. Alirudi na chupa, anahema, uso umejaa udadisi wa mtu aliyekwenda msibani akakuta ngoma. Ruwayda alichota udongo wa kiriba kwa kifuniko kimoja, na udongo wa nje ya ua, ule mwekundu wa njiani, kwa kifuniko kingine. Akamimina siki kwenye ule wa njiani. Ukalowa tu. Akamimina kwenye ule wa kiriba. Ukachemka, ukatoa povu, ukanong'ona kama mafuta yanapopokea viazi.

Viti vilisogea. Wanawake walijazana.

"Hiyo povu ni chokaa," Ruwayda alisema. "Mmeulisha huu udongo chokaa mpaka umevimbiwa. Sasa nisikilizeni, maana mmemtukana mamangu na mtanisikiliza. Udongo wetu ni mwekundu kwa nini? Ni chuma hicho. Kimejaa. Lakini kimekauka kama kutu, na mmea hauwezi kula kutu. Kwa hiyo mparachichi hutema uchachu kwa mizizi yake, uchachu unaolegeza ile kutu mpaka mzizi uweze kuipokea. Ndiyo mbinu yake ya kula. Ninyi mkaja na chokaa. Kila mti ukitema, chokaa inameza. Unatema, inameza. Miti yenu imekaa ndani ya ghala la chakula, mikono imefungwa, na Mwalimu anasema tuongeze kamba!"

"Chunga mdomo," Kipkirui alisema, lakini hakulitazama lile povu tena.

"Na ya mamako?" Mama Lorraine hakuwa mjinga; aliona mlango ulipobaki wazi, akaupitia. "Si zamu zilipita hata kwake? Si chokaa tulimwagia hata yeye? Miti yetu imefungwa mikono, yake inakula kwa nini?"

"Nyasi."

Walicheka. Walicheka hadi mmoja akashika ubavu. Ruwayda alisubiri, meno yameumana, hadi kicheko kilipokwisha chenyewe.

"Nyasi hazitegemei uchachu," alisema. "Zina ujanja wao. Mahindi, ngano, nyasi, wote ni ukoo mmoja. Hutoa kwa mizizi kitu cha kunata, kinakwenda kushika chuma kwenye udongo, kinarudi nacho. Chokaa haikiwezi. Na kikishazagaa humo ndani ya kiriba, mzizi wa jirani nao unafaidi. Ninyi mlizing'oa nyasi zenu zote. Mamangu alizikata, mizizi ikabaki hai. Mliyekuwa mkimsoma jina kwa uvivu ndiye peke yake aliyeiachia miche yake mpishi!"

Wanawake walitazamana kama watu wanaotafuta pa kutokea.

"Hiyo ni maneno ya diploma," Mama Lorraine alisema hatimaye. "Tamu. Lakini maneno hata mimi ninayo. Kura ni leo."

"Nipe wiki moja. Chagua miche mitatu, ya kwako mwenyewe. Mmoja uwekee mbolea ya stoo, ile unayosema imeibwa. Wa pili usiuguse. Wa tatu nitaupaka chuma kwenye jani. Uende nayo kwako, uiweke kwa dirisha lako, mimi nisiikaribie. Kama ni mbolea iliyoleta kijani cha mamangu, ule wa mbolea utageuka kijani. Ukigeuka, mimi mwenyewe nitabeba viriba vya mamangu nikuletee mlangoni."

Habiba aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Ruwayda."

"Nimeshasema, Hooyo."

"Mpe wiki, Mwenyekiti," Kavetsa alisema. "Hata mahindi ya kuchoma husubiriwa."

Jioni ile ile Ruwayda alirudi na kijipakiti cha chumvi ya chuma kutoka dukani, unga wa kijani hafifu. Aliukoroga kwa maji na tone la sabuni. Mbele ya Mama Lorraine alichukua pamba, akapaka nusu moja ya kila jani changa la mche wa tatu, upande wa kulia wa mshipa wa katikati. Upande wa kushoto aliuacha kavu. Mama Lorraine alimwangalia mkono kama askari anayekagua mzigo, kisha akatia konzi ya mbolea kwenye mche wa kwanza, akabeba yote mitatu kwenye beseni bila kuaga.

Wiki ile Ruwayda hakulala vizuri wala hakula vizuri. Kazini alimpa mteja mbegu za sukuma wiki badala ya kabeji. Kila alipomkumbuka mamake kwenye kile kiti cha mwisho, mikono mapajani, hasira ilimjaa upya kama sufuria ya maziwa.

"Kwa nini hukuwaambia?" alimuuliza Jumatano wakiwa wanafua. "Mwaka mzima unawafungia bomba. Kwa nini hukuwatajia hata hilo?"

Habiba alikamua nguo hadi tone la mwisho. "Mtu akikuita mwizi, ukianza kumhesabia wema wako, unakuwa kama unajinunua. Mimi siuzwi." Akaitundika nguo. "Lakini nikuambie? Usiku nalisikia lile neno. Nikienda dukani nalisikia. Jana mwenye duka alinihesabia chenji mara mbili. Pengine ni kawaida yake. Zamani sikuwa naona."

Ruwayda alifikicha kola ya shati hadi ikakaribia kuchanika.

Jumamosi ilipofika, Mama Lorraine alikuja akiwa amechelewa, jambo ambalo halikuwa lake, na beseni lake amelifunika kwa leso. Aliliweka chini ya kiti chake. Mwalimu Kipkirui alikuwepo, na kofia yake. Wote kumi na wanne walikuwepo.

"Wapendwa," Mwenyekiti alianza, kwa sauti ya mtu anayefungua harambee, "kikundi ni familia. Familia hukosana, hupatana. Mimi kama mwenyekiti nimeomba, nimetafakari, na naona hii maneno ya Mama Ruwayda tuiache. Tumemsamehe. Kura hakuna. Tuendelee na ajenda ya usafiri wa miche."

Makofi mawili matatu yakalia. Ruwayda alihisi masikio yakiwaka moto. Tumemsamehe!

"Mmemsamehe nini?"

"Msichana, yameisha. Usichokonoe."

"Hayajaisha. Funua beseni."

"Mimi si mtoto wa kuamriwa..."

"Niliona kwa dirisha lako Alhamisi, Mwenyekiti," Kavetsa alisema bila haraka. "Nikipita kununua viazi. Funua tu. Ama nifunue?"

Hakungoja jibu. Aliinama kwa shida, akaivuta leso.

Mche ambao haukuguswa ulikuwa manjano kama awali. Ule wa mbolea ulikuwa manjano zaidi, na kingo za majani zimeanza kuungua. Wa tatu ulikuwa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiona: kila jani changa lilikuwa limegawanyika katikati, kushoto ndimu, kulia kijani kibichi, mpaka umenyooka sawasawa kama uliochorwa kwa rula.

"Yesu," mmoja alinong'ona.

Beseni likapitishwa mkono hadi mkono. Mwalimu Kipkirui alilipokea, akaligeuza, akavua kofia. "Ndiyo nilikuwa nawaambia kwenye semina," alisema. "Chokaa ina kiasi chake. Ninyi wanawake mnapenda kuzidisha."

Ruwayda alifungua kinywa ammalize, lakini Kavetsa alimwahi. "Mwalimu, wiki iliyopita ulisema tuongeze. Mimi nilikuwa hapa. Na masikio haya si ya kukodi." Kicheko kilichofuata hakikumwacha Kipkirui na pa kuiweka kofia yake. Aliirudisha kichwani, akagundua kwamba anahitajika mahali pengine, akaondoka.

Basi wakaanza kuuliza wote kwa pamoja. Je, hiyo chumvi inapatikana? Na viriba vibadilishwe udongo? Na nyasi, mtu apande nyasi za aina gani? Waliuliza kwa bidii, na ndani ya bidii ile Ruwayda aliona wanachokifanya: walikuwa wanalifukia lile neno chini ya maswali, kama paka anavyofukia uchafu wake. Miche ingepona. Watu wa Sugoi wangeichukua. Na mwenye duka angeendelea kuhesabu chenji mara mbili.

"Sijibu hata moja," alisema. "Mpaka..."

"Kaa chini, Ruwayda." Alikuwa mamake.

Habiba alisimama. Hakuwa mrefu, na buibui lake lilikuwa na unga wa chokaa kwenye pindo, kwa sababu jana ilikuwa zamu yake, na aliifanya. Alitoa ufunguo wa stoo, akauweka juu ya kiti kitupu kando yake.

"Msamaha siutaki," alisema. "Msamaha ni wa mtu aliyekosa. Mimi nilisema mara mbili sijaiba, mkanyamaza. Sasa sisemi mimi. Aliyesema mwizi ndiye atakayesema. Hapa hapa, wakiwepo hawa hawa."

Mama Lorraine alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna aliyemtupia kamba. Alijishughulisha na kitambaa chake cha kichwa, akakaza fundo ambalo halikuwa limelegea.

"Haya," alisema kwa chini. "Hakuiba."

Habiba aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Mwenyekiti, Jumamosi ile sauti yako ilifika mpaka kwa bomba la maji. Leo hata mimi niliye hapa sijasikia."

Mtu fulani aliguna. Nje ya ua wa mabati, wanawake waliopanga foleni bombani na mitungi yao walikuwa wameanza kugeuza shingo. Mama Lorraine aliwaona. Shingo yake ikajaa, kifua kikapanda, na kwa kitambo Ruwayda alidhani atabeba mkoba wake aende. Halafu alisimama, akapumua, na ile sauti yake ya kukagulia ikatoka yote, nzito, ikapita juu ya viriba na juu ya mabati:

"Habiba hakuiba! Mimi nilisema uongo juu yake, na hakuiba!"

Bombani mtu aliuliza, "Nani hakuiba?" na mwenzake akamjibu, "Mama Ruwayda. Si ndiyo anasema," na maneno yakaanza kushuka na foleni, mtungi hadi mtungi.

Habiba alisikiliza hadi yalipofika mwisho. Kisha akaketi, akajitengeneza buibui, na ufunguo ukabaki pale pale kitini, wanawake kumi na watatu wakiutazama, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuugusa.